Somo: Kupokezana kinanda kwenye taarabu ya kumuenzi mwenzetu

Wapigaji wakikusanyika kumuenzi mpiga kinanda aliyetangulia, mara nyingi kinanda jukwaani huwa kimoja na mikono ni mingi. Vidole kila mmoja anavyo. Usiku huharibikia kwenye kupokezana, ndiyo maana somo limeelemea huko.

1. Nyimbo. Wiki moja kabla, kila mpigaji ataje nyimbo zake, ufunguo na maqamu (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu). Zipangeni kwa maqamu: za Rasti zifuatane, kisha za Bayati. Bashrafu za marehemu, yaani nyimbo za ala tupu, zipigwe kama alivyozipiga yeye. Mapambo yako yaweke katikati ya wimbo. Watu wamekuja kumsikia yeye.

2. Nyaya. Ukiwa na waya mmoja, chomeka tundu la L/Mono. Waya ukizidi mita 5 au 6, pitisha kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha ala na mitambo ya sauti). Kukiwa na mvumo, tumia swichi ya kutenga ardhi iliyo kwenye kisanduku hicho. Pini ya ardhi ya plagi ya ukutani usiiguse kamwe: umeme wetu ni volti 240. Hewa ya chumvi hula matundu, basi pangusa jeki zote kwa spiriti siku moja kabla. Ukumbi ukiwa wazi, karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo. Upepo wa kusi haungoji wimbo uishe.

3. Kupokezana. Aliyetangulia huacha mipangilio yake. Fundi mitambo ashushe sauti ya kinanda, kisha anayeingia akague kwa utaratibu huu:

- Transpozi (inayopandisha au kushusha ufunguo) iwe 0. Ikibaki +2, wimbo mzima umepanda toni nzima na mwimbaji atakabwa.
- Oktava na spliti (kugawa kinanda sauti mbili) zirudi kawaida.
- Senti (sehemu ya mia ya nusu toni). Rasti ya Do: Mi na Si zishushwe senti 50. Bayati ya Re: Mi ishushwe senti 50, Si ipigwe bemoli kwenye kitufe cheusi.

Hapa pa senti ndipo pagumu. Mpigaji wa Rasti akiondoka bila kurudisha, anayefuata na wimbo wa Do meja atasikika kama hajui kazi. Kuzima na kuwasha si dawa ya uhakika, kwani baadhi ya vinanda hukumbuka. Hifadhini mipangilio ya kila maqamu kwenye namba yake ya kumbukumbu, namba ziandikwe kwenye karatasi ya nyimbo. Udi na ganuni wafuate La ya kinanda, hezi 440.

Maswali ya wanachama

*Maalim, kinanda changu hakishushi senti. Nitapigaje Rasti?*
Mi na Si waachie udi na fidla. Wewe shika Do, Fa na Sol. Gurudumu la kupinda sauti hushusha noti zote kwa pamoja, kwa hiyo hufaa kwa noti moja moja tu.

*Watunzaji (wanaomtuza mwimbaji pesa) wakijaa mbele simuoni mwimbaji. Nimfuate nani?*
Mfuate mpiga ngoma ya dumbaki. Kubalianeni mapema kwamba kiitikio kitazungushwa mpaka yeye atoe ishara. Kiti chako kielekezwe kwake.

*Tukiwa wawili na vinanda viwili?*
Mmoja ashike sauti za fidla juu, mwingine akodioni katikati. Gitaa la besi likiwepo, mkono wa kushoto usishuke zaidi ya oktava moja chini ya Do ya kati. Mkishuka nyote, besi itakuwa tope.

*Stima zikipotea?*
Shusha sauti kwanza ndipo jenereta liwashwe, la sivyo spika zinaweza kupasuka. Zikirudi, anza ukaguzi wa hatua ya 3 upya.