Jinsi ya kujaribu chenso iliyotoka kuongezwa nguvu kwenye magogo magumu

Chenso ikitoka kupanuliwa ekzosi, karibu kila mtu huanza kwa kuiwasha, kubana mafuta mpaka mwisho ikiwa hewani na kusikiliza mlio. Mlio ukiwa mkali na mwembamba, watu wanafurahi na hela inalipwa. Naomba tuiache tabia hiyo. Mlio mkali hewani mara nyingi ni wa injini inayopata hewa nyingi na mafuta kidogo, na kwenye chenso mafuta hayohayo ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha pistoni. Nguvu yake utaijua ndani ya gogo, tena gogo gumu.

Hapa natumia Husqvarna 372 XP kwa sababu ndiyo ninayoifungua mara nyingi: kipenyo cha silinda milimita 50, mwendo wa pistoni milimita 36, cc 70.7. Marekebisho ni mawili: tundu la kutolea moshi limepanuliwa, na gasketi ya chini ya silinda imeondolewa ili mgandamizo uongezeke. Kama yako ni aina nyingine, namba zitabadilika lakini utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafungua

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi anafungua mashine, anaichonga, anafunga cheni mpya, kisha anasema imeongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni makali ya cheni. Kabla bisibisi haijagusa kitu, kata gogo ukiwa na saa na uandike sekunde. Weka kando cheni ileile na upanga uleule (bamba refu ambalo cheni inalizunguka) utakaotumia baadaye. Kama mashine imeshafunguliwa, azima nyingine ya aina hiyohiyo ambayo haijaguswa, ufunge upanga na cheni yako, upimie hiyo.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kutia mafuta

Ukiondoa gasketi, pistoni inasogea karibu na kichwa cha silinda. Chukua waya laini wa risasi wa kulehemu nyaya (solda), si wa kuchomelea vyuma, wenye unene wa milimita 1.5 hivi, uingize kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda upande ilipo pini ya pistoni, kisha zungusha injini kwa mkono ipite juu kabisa. Toa waya, pima ncha iliyobapwa. Fanya hivyo kulia na kushoto. Mimi sikubali chini ya milimita 0.5. Pakiwa pembamba kuliko hapo, injini ikipata moto na mizunguko kupanda, pistoni inaweza kugonga kichwa.

Kisha tafuta hewa inayovuja. Silikoni uliyopaka badala ya gasketi ikiacha upenyo hata wa unywele, hewa itaingia na hakuna skrubu ya kabureta itakayokuokoa. Mwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji azibe ekzosi na mlango wa kabureta, ajaze kama nusu baa, apake maji ya sabuni na kuangalia mapovu. Asiye nayo aiwashe baadaye, aiache kwenye sailensi (inanguruma chini bila kubanwa mafuta), ailaze kulia, kushoto, kisha pua chini. Mlio ukipanda na kushuka kila unapoigeuza, rudi mezani.

Angalia na wavu wa kuzuia cheche ndani ya ekzosi. Wapo wanaoung'oa kwa kudai unaziba pumzi. Tafadhali usiung'oe. Kwenye miombo ya mwezi wa Septemba, majani makavu yamejaa chini, cheche moja inatosha kuchoma eneo ambalo halitakuwa na mti wa kukata kwa miaka mingi. Wavu ukiwa na masizi, usafishe kwa brashi ya waya.

Hatua ya 3: Cheni na mafuta

Cheni ya 3/8 noe kwa tupa ya duara ya milimita 5.5 au 5.2, kufuatana na maelekezo ya aliyeitengeneza, kwa nyuzi 30, meno yote urefu mmoja. Kile kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Usikishushe zaidi ukidhani unaongeza kasi. Kwenye mti mgumu jino litachota pande kubwa kupita uwezo wa injini, mashine itakuwa inashtuka na kukurukia, na jaribio lako litakuwa la cheni badala ya injini.

Tumia petroli mpya. Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili ya two-stroke kwa lita moja ya petroli. Kwa oili ya daraja la chini nenda 25 kwa 1, yaani mililita 40. Ukichagua, usibadilishe mpaka jaribio liishe. Ukiongeza oili katikati ya kazi, umepunguza petroli inayopita kwenye tundu lilelile la kabureta, na mashine inakuwa kavu zaidi (hewa nyingi, petroli kidogo) ingawa unaona mafuta yamekuwa mazito.

Hatua ya 4: Andaa gogo

Anza na mkaratusi mbichi wa sentimita 30, kisha mninga au mkongo mkavu wa sentimita 40 hadi 45. Mkaratusi ni mzuri kwa kuanzia kwa sababu umenyooka, unapandwa, na ugumu wake hautofautiani sana kutoka ncha moja hadi nyingine. Mkongo ndio mtihani wenyewe. Mvule siutumii kupimia: ndani yake huwa na vimawe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka meno yameshakufa, na ukishakigonga kimoja vipimo vyote vya siku hiyo vimeharibika. Mpingo usiuguse kwa majaribio, ni mti wa thamani mno. Na gogo la msituni liwe na alama ya nyundo ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na karatasi zake. Jaribio la dakika kumi lisikuletee kesi.

Toa magome yenye mchanga pale utakapokata. Laza gogo juu ya magogo mawili madogo, lifunge kwa kabari lisiviringike, kichwa kitokeze nje ya egemeo ili kipande kianguke chenyewe bila kubana upanga. Chora mistari kwa chaki kila sentimita 5.

Vaa miwani, viatu vigumu, suruali ya kuzuia cheni kama unayo, na kinga ya masikio hata kama hujawahi kuivaa. Ekzosi iliyopanuliwa ina kelele kuliko ya kiwandani, na ile ya kiwandani tayari inapita desibeli 100. Vumbi la mninga, mkongo na mvule linawasha pua na kifua, hivyo funga barakoa na usimame upande unakotoka upepo.

Hatua ya 5: Weka kabureta ikiwa na mafuta mengi

Ekzosi ikipumua zaidi, injini inavuta hewa zaidi, kwa hiyo mahali ilipokuwa skrubu ya H (ya mafuta ya mwendo wa kasi) jana hapafai tena. Funga H na L (ya mafuta ya mwendo wa chini) taratibu mpaka ziguse, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Baada ya hapo ongeza H robo nyingine. Washa, ipashe moto dakika tatu nne. Rekebisha L mpaka ikibanwa mafuta ipande bila kusita, kisha weka sailensi kwa skrubu ya T, karibu mizunguko 2,700 kwa dakika. Cheni isizunguke kwenye sailensi. Ikizunguka, usiende kwenye gogo.

Elekeza pua kwenye kipande cha ubao mkavu, ubane mafuta sekunde chache. Mstari wa oili ya cheni uonekane. Kwenye mti mgumu, upanga mkavu unabadilika rangi kuwa bluu ndani ya dakika chache.

Hatua ya 6: Sikiliza ndani ya mti

Hapa nenda polepole. Bana mafuta mpaka mwisho ikiwa hewani, sekunde mbili tatu tu. H ikiwa na mafuta ya kutosha, mlio hautanyooka: utasikia inagugumia, brrr-brrr, kama inajikwaa. Wateja wengi hawaupendi mlio huo. Mzee mmoja aliniuliza, "Fundi, mbona inalia kama imechoka?" Nikamwambia, "Subiri iingie kwenye mti, mzee."

Ingiza meno kwenye mkaratusi. Mgugumio unatakiwa ukatike hapohapo na mlio unyooke, uwe mzito na mmoja. Inua mashine kidogo bila kuachia mafuta: mgugumio urudi. Ishushe tena: upotee. Ukipata mabadilishano hayo, kabureta iko mahali pake.

Ikiendelea kugugumia hata ndani ya mti, mafuta yamezidi. Zungusha H kulia sehemu ya nane ya mzunguko, si zaidi, ujaribu tena. Ikiwa imenyooka hewani na kwenye mti vilevile, ni kavu. Achia mafuta mara moja, zungusha H kushoto. Mwenye takomita (kipima mizunguko) asiruhusu ipite mizunguko 13,000 hewani, ingawa kiwanda kinaruhusu 13,500 kwa mashine hii. Nafasi hiyo naiachia pistoni ipoe.

Hatua ya 7: Saa

Sasa nenda kwenye mkongo. Mafuta mpaka mwisho kabla ya kugusa, msaidizi aanze saa meno yanapogusa na aisimamishe kipande kinapoanguka. Usisukume wala usitumie makucha (meno ya chuma yaliyo mbele ya mashine) kama nyenzo. Uzito wa mashine unatosha. Mkata mwenye mikono mizito anaweza kuificha tofauti yote. Kata mara tatu, pumzika, na kama unayo ile mashine isiyoguswa, badilishana nayo mstari kwa mstari, kwa sababu gogo huwa linapungua unene na huwezi kuipa moja upande mnene wote.

Tuseme wastani ulikuwa sekunde 20 na sasa ni 17. Umepunguza muda kwa asilimia 15, na hiyo ni kazi nzuri. Tofauti ikiwa nusu sekunde, usimtoze mtu kwa hiyo.

Chota na kilichotoka kwenye cheni. Vipande vilivyokatika vyema, unavyoweza kuvihesabu kiganjani, ni ishara nzuri. Ukipata unga, cheni imekufa na vipimo vya mwisho havihesabiki.

Hatua ya 8: Soma plagi na pistoni

Kwenye mkato wa mwisho, zima swichi mashine ikiwa bado inafanya kazi ndani ya mti, bila kuirudisha kwenye sailensi. Ikipoa, toa plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeupe ni kavu, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi. Fungua ekzosi, mulika pistoni kwa tochi: ukiona mistari iliyosimama, hata miembamba, simama hapo. Kaza tena bolti za ekzosi, maana baada ya moto wa kwanza hulegea, na angalia kama moshi wa tundu jipya unachoma plastiki ya pembeni.

Kisha kata tangi zima. Zima ikiwa na moto, subiri dakika tano, iwashe. Ikigoma kuwaka ikiwa ya moto, mashine haijawa tayari kwenda porini.

Hatua ya 9: Inakokwenda kufanya kazi

Miaka kadhaa iliyopita niliiweka sawa chenso hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ikakata vizuri sana. Mwenyewe akashuka nayo Rufiji. Siku ya pili ikakwama. Pistoni ilikuwa imechanika upande wa ekzosi. Kosa lilikuwa langu. Huku juu hewa ni nyepesi, nami nilikuwa nimefunga H kuifuata hewa hiyo. Kule chini hewa ni nzito, mafuta yakawa hayatoshi. Nilimlipia silinda na pistoni.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza mashine inakwenda wapi. Ikishuka pwani naifungua H kidogo kabla haijaondoka, nachora alama ya rangi kwenye skrubu, nampa mkataji bisibisi yake, na kabla hajaondoka namkatisha vipande vitatu mbele yangu mpaka aweze kunionyesha mwenyewe ni wapi inagugumia na ni wapi inanyooka.