Kiambaza Kisichopasuka: Mwongozo wa Kujenga Nyumba ya Udongo na Makuti Pemba

Mwaka jana nilimsaidia mpwa wangu kujenga nyumba ya vyumba viwili katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Wete, kwa miti, mawe, udongo na makuti, na tangu tulipomaliza vijana kadhaa wameniomba niwaandikie hatua tulizozifuata. Wengi wao wanajua kusimamisha miti kwa kuwa wamewaona wazee wao wakiifanya kazi hiyo; kinachowashinda ni kukandika, yaani kupaka udongo kwenye kiambaza, ukuta wa miti na fito. Kwa sababu hiyo sehemu ya udongo nitaieleza kwa urefu kuliko nyengine zote, nami naomba isomwe yote kabla ya mtu kutia jembe ardhini.

Hatua ya 1: Wakati na mahali

Chagua pahala palipoinuka, ambapo maji ya masika hayatuami. Anza mwezi wa Juni, mvua kubwa zikishapita, ili kazi ya udongo iangukie kipupwe, baina ya Julai na Septemba. Watu wengi huvutiwa na kaskazi ya Januari na Februari kwa sababu mvua ni chache, lakini jua la miezi hiyo hukausha udongo kwa nje ilhali ndani ungali mbichi.

Hatua ya 2: Miti na kamba

Kwa nguzo sijaona mti unaoushinda mkandaa, ambao ni aina ya mkoko, kwa ugumu wake na kwa jinsi mchwa wanavyochelewa kuushambulia. Hata hivyo mikoko yetu inalindwa na sheria na haikatwi bila ya kibali, kwa hivyo pita kwa sheha wako kwanza, naye atakuelekeza kwa wahusika wa misitu. Kwa makombamoyo (miti mirefu inayobeba paa) na pau (miti myembamba inayolazwa juu yake) tumia mivinje ya kupandwa, ambayo hunyooka vizuri na kuikata si kuipokonya pwani kinga yake.

Kuhusu kamba nina msimamo: tumia kamba za usumba. Waya huliwa na kutu kwa hewa yetu ya chumvi, na nailoni huteleza juu ya gome kisha huharibiwa na jua. Kamba iliyosokotwa kwa makumbi yaliyofukiwa kwenye mchanga wa pwani kwa miezi kadhaa, yakapigwa na kusafishwa, hushika mti na hushika udongo pia, kwa kuwa nyuzi zake ni za kukwaruza.

Hatua ya 3: Msingi na nguzo

Inua msingi wa mawe kwa shubiri mbili juu ya ardhi, kwa sababu kiambaza huanza kufa kwa chini. Simamisha nguzo, zipimie timazi, kisha funga mtambaapanya, mti unaolala juu ya vichwa vya nguzo.

Hatua ya 4: Ezeka kabla ya kugusa udongo

Paa hutangulia kiambaza. Chini ya paa udongo hukauka polepole kivulini, na mvua ya ghafla haiwezi kuyaosha yale uliyoyafanya kwa wiki nzima. Mwinamo ndio uhai wa makuti: ikiwa nyumba ina upana wa mita 4, mgongo wa paa unyanyuke mita 2 juu ya mtambaapanya, usipungue hapo, kwani makuti yaliyolala hubaki na maji na kuoza. Tumia makuti ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye vijiti, na uyabananishe. Makuti ya kumba, yaani ya kusuka, ni ya kuzungushia ua. Paa lililoezekwa hivyo huchukua miaka 3 hadi 5. Uchega wa paa, yaani ukingo wake wa chini, utokeze mbele ya kiambaza kiasi cha dhiraa moja na nusu, ili matone yaanguke mbali na msingi.

Hatua ya 5: Fito na kutomea

Funga fito za kulala ndani na nje ya nguzo, ukiacha shubiri moja baina ya ufito na ufito. Tomea, yaani jaza, mawe madogo katikati pamoja na madonge ya udongo uliotayarishwa kama nitakavyoeleza katika hatua ya 6.

Hatua ya 6: Udongo

Chumba cha kwanza nilichojenga peke yangu nilikikandika mwezi wa Februari, kabla ya kuezeka, kwa udongo mwekundu mtupu kutoka shamba letu, ambao kwa macho ni mzuri sana kwa kuwa unanata na unapakika bila ya taabu. Niliupaka kwa unene wa vidole vinne kwa mara moja. Siku ya tisa nyufa zilikuwa pana kiasi cha kuingiza kidole, na kabla ya mwezi kwisha kipande kizima cha upande wa magharibi kilianguka. Nikafanya kosa la pili lililokuwa kubwa zaidi: nikaziba nyufa kwa saruji na kupaka saruji juu ya kiambaza chote. Ilipopita masika niliigonga kwa kiganja nikasikia mvumo wa uwazi, na nilipoibandua nilikuta udongo wa nyuma yake umelowa na fito zimeanza kuoza. Saruji haina mwendo wa udongo: udongo hufura ukipata unyevu na hunywea ukikauka, ilhali saruji hubaki ilivyo, na tena huuzuia mvuke usitoke. Nilibomoa na kuanza upya, na mwezi mzima wa kazi ukapotea.

Chanzo cha nyufa ni chembe za mfinyanzi, ambazo hunyonya maji mengi na kunywea yanapotoka. Mchanga haunywei. Kwa hivyo mfinyanzi ndio unaoshika na mchanga ndio unaotuliza, na kazi yote ni kupata uwiano wa viwili hivyo kwa udongo wa kiwanja chako, kwa sababu udongo wa Wete si sawa na wa Micheweni, na hata shimo moja hubadilika kwa kina chake. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mbolea. Unaotakiwa upo chini yake.

Chukua chupa nyeupe ya lita moja na nusu, tia udongo hadi theluthi yake, ijaze maji, itikise kwa nguvu na uiweke pasipo na mtikisiko. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi hukaa juu yao baada ya siku nzima. Ukiona tabaka la juu ni nene kuliko la mchanga, ujue udongo huo unahitaji kuongezwa mchanga mwingi. Chupa hukuonyesha uelekeo tu. Kipimo cha kweli ni kiraka. Paka viraka vitatu vya upana wa dhiraa moja kwenye kiambaza chenyewe: kimoja cha udongo na mchanga sawa kwa sawa, cha pili cha udongo sehemu mbili kwa mchanga sehemu tatu, cha tatu cha udongo sehemu moja kwa mchanga sehemu mbili. Subiri wiki nzima. Kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachopukutika ukikisugua kwa kiganja kina mchanga mwingi, na kilichosalimika na yote mawili ndicho kipimo chako. Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, wiki nzima kwa ajili ya viraka?" Nikamjibu kuwa mimi nililipa mwezi.

Mchanga usiuchukue pwani. Chumvi yake huvuta unyevu, na kila inapokauka huganda na kuusukuma udongo nje, mpaka kiambaza kikawa kinapukutika unga. Tafuta mchanga wa bondeni, na hata huo uonje kwa ulimi kabla ya kuununua.

Nyuzi nazo ni lazima. Mimi hutia majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole katika udongo wa kujazia, na kumvi za mpunga katika udongo wa kumalizia, kwa kuwa kumvi zinapatikana kwenye mabonde yetu kila baada ya mavuno na hufanya uso laini. Mafundi wa Djenné, nchini Mali, ambao huukandika msikiti wao mkubwa uliojengwa upya mwaka 1907 kwa ushirika wa mji mzima, nao huchanganya kumvi za mpunga na kuuacha udongo uvunde kwa siku nyingi kabla ya kuutumia. Kuvundika huko usikuache: loweka mchanganyiko, ufunike kwa makuti, uukanyage kwa miguu kila siku, na usiupake kabla ya siku saba. Udongo uliovunda hunata bila ya kuhitaji maji mengi, na maji machache maana yake ni kunywea kidogo.

Tabaka la kwanza lipige kwa mkono, usitumie mwiko. Donge likirushwa kwa nguvu hupenya nyuma ya ufito na kukutana na donge la upande wa pili, na hapo ndipo kiambaza kinapojishika. Mwiko hulisugua juu juu tu. Liache tabaka hilo wiki tatu. Nyufa ndogo zitatokea, nazo zisikutishe, kwa kuwa ni mahali pa kushikia tabaka la pili. Kisha nyunyizia maji mpaka uso ugeuke rangi pasipo kuchuruzika, upake tabaka la pili lisilozidi unene wa kidole kimoja, lenye mchanga zaidi, na ulisawazishe kwa kibao. Upepo ukiwa mkali, tundika majamvi upande unakovumia kwa siku tatu za mwanzo. Kupaka juu ya uso mkavu ndiko kunakoharibu kazi za mafundi wengi ninaowaona, kwa sababu tabaka kavu hunyonya maji ya tabaka jipya kabla hayajashikana.

Hatua ya 7: Chokaa

Chokaa huja baada ya udongo kukauka kabisa. Huko Shibam, Hadhramaut, nchini Yemen, magorofa ya matofali ya udongo hupakwa chokaa kwa juu ili kuyakinga na mvua, na yamesimama kwa karne kadhaa. Zima chokaa kwa kuitia kwenye maji kidogo kidogo, ukiwa umewaweka watoto mbali na umekinga macho, kwani huchemka. Ikishapoa ichuje, uipake nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kila mara juu ya uso wenye unyevu kidogo. Rangi za dukani za plastiki usizitumie. Zinauziba ukuta kama ilivyofanya saruji yangu.

Masika ya kwanza yakipita, kagua miguu ya kiambaza, ukianza na upande wa kusi, kwa kuwa ndiko mvua hupiga zaidi. Kwa ajili ya marekebisho hayo weka magunia mawili ya mchanganyiko ule ule, ukiwa mkavu, darini au chini ya uvungu, kwa sababu kiraka cha udongo wa shimo jengine hunywea kwa kiasi chake na huachana na ukuta pembezoni.