Umekunywa na Unataka Kucheza Dota 2: Namna ya Kuwatendea Haki Wenzako

Mwongozo huu unawahusu watu wazima wanaokunywa pombe na ambao, jioni ile ile, hupenda kucheza Dota 2, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni ambamo timu mbili hushindana kubomoa ngome ya wapinzani, pamoja na watu wasiowajua. Timu ya mchezo huu ina wachezaji 5 tu, hakuna wa akiba, na mechi moja huweza kuchukua dakika 40 au zaidi, kwa hiyo mmoja akiwa hajiwezi, wanne waliobaki hubeba mzigo wake mpaka mwisho. Kwenye uwanja wa mpira wangenusa pombe na kukuambia ukae benchi. Mtandaoni hawana njia ya kujua.

Amua mapema. Uamuzi wa kucheza au kutocheza mechi za daraja, yaani zile zinazoongeza au kupunguza alama za mchezaji, ufanywe kabla chupa haijafunguliwa, kwa kuwa pombe huvuruga uwezo ule ule wa kujipima ambao ungeutegemea baadaye, na aliyekwisha kunywa mbili tatu mara nyingi hujiona yuko vizuri kuliko kawaida. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyemaliza chupa 3 saa 2 usiku asijidanganye kwamba saa 5 atakuwa sawa. Kahawa wala kuoga maji baridi havifupishi muda huo.

Kinachopungua si wepesi wa vidole peke yake. Dota humtaka mchezaji amwongoze shujaa wake, yaani mhusika anayemwendesha, na papo hapo aitupie jicho ramani ndogo iliyo pembeni, ajue ni adui yupi haonekani, na kugawa akili namna hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo pombe huyavuruga mapema, hata ikiwa kidogo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako seva (kompyuta zinazoendesha mechi) zilizo karibu ni za Afrika Kusini na Dubai, amri huwa imeshachelewa njiani kabla mkono uliolegea haujaongeza uchelewaji wake. Karibu na mwisho wa mechi, shujaa aliyeuawa huweza kusubiri zaidi ya dakika moja ndipo afufuke, na muda huo unatosha kabisa timu kupoteza ngome yake.

Zipo njia za kunywa na kucheza bila kumwonea mtu. Iliyo bora ni chumba cha faragha ambamo wachezaji wote 10 wanajuana na wamekubaliana. Unaweza pia kucheza dhidi ya roboti, yaani wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta, au kujaza timu nzima na marafiki 4 wanaojua hali yako. Turbo, aina ya mechi ambamo dhahabu na uzoefu wa kumwimarisha shujaa hupatikana haraka na mechi huisha mapema, hupunguza hasara lakini haiiondoi. Wapo wanaosema kwamba mechi isiyo ya daraja haina wa kuumia, nami siafikiani nao hata kidogo: alama 25 hivi zinazopotea katika mechi ya daraja mtu huzirudisha kesho, ila saa yake moja ya kupumzika baada ya kazi hairudi.

Kitufe cha kukubali mechi kikitokea na ukahisi hujiwezi, kataa hapo hapo, maana wengine watarudi kwenye foleni bila kuharibikiwa na chochote. Ukiwa umeshaingia, usitoke, kwa sababu anayekatika kwa zaidi ya dakika 5 huhesabiwa kuwa ametoroka na wenzake hubaki 4. Sema ukweli kwa sentensi moja kabla ya kuchagua mashujaa: “Samahani jamani, nimekunywa, naomba nicheze nafasi ya usaidizi nifuate maelekezo yenu.” Chagua shujaa mgumu kuuawa na rahisi kuongoza, kama Ogre Magi, waachie wengine dhahabu, kaa nyuma yao, wala usianzishe pambano. Zima maikrofoni, hasa ukianza kuona kwamba kila kosa ni la mwenzako, kwa maana hasira hiyo nayo huenda imetoka kwenye chupa.

Mechi ikiisha, omba radhi ikiwa umewaangusha, kisha funga mchezo. Ufunge hata kama mmeshinda, kwa sababu ushindi wa usiku kama huo ndio utakaokushawishi kutafuta wageni wengine 4.