Laptopu ya mtu asiyeona: ijaribu kwa vidole na masikio kabla hujatoa hela

Wiki hii kuna mdogo wangu wa Makambako kanipigia, kaajiriwa ofisi moja Iringa kitengo cha sheria, haoni, kama mimi tu, ofisi imempa hela akanunue laptopu mwenyewe, akaniuliza dada naanzia wapi. Nikamwambia usiende dukani kwanza, nisikilize. Alafu nikaona bora niandike kabisa maana swali hili naulizwa kila siku.

Mimi ni mhasibu wa Saccos ya wakulima huku Mbeya, natumia kisoma skrini kutwa nzima, ile programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye kioo, na laptopu yangu ya kwanza nilinunua vibaya. Nilienda Mwanjelwa na binamu yangu anayeona, muuzaji akawa anaongea na binamu tu, kioo kikubwa, kinang'aa, kibodi ina taa, binamu akaridhika mi nikalipa. Nafika nyumbani, namba za pembeni hakuna, Home na End zimefichwa chini ya Fn, na kitufe cha kuwashia kimekaa jirani na Delete yani nilikuwa naizima katikati ya mahesabu. Nililia siku ile. Hela ilikuwa ya mkopo.

Kwa iyo anza na kibodi. Sisi mausi hatuna, kila kitu tunafanya kwa vitufe, kwa iyo weka mikono juu yake na uandike kabisa ukurasa mzima. Tafuta vile vinundu kwenye F na J, uvisikie bila kupapasa. Vitufe vya mishale viwe na nafasi kidogo, visibanane na vingine. Insert, Home, End, Page Up na Page Down ulizia viko wapi na kama vinafanya kazi bila Fn, maana Insert ndio kitufe cha kuamrisha NVDA na JAWS, visoma skrini vinavyotumika kwenye Windows. Kama Insert imekaa pabaya usiogope, zote mbili zinakubali utumie Caps Lock. Ile safu ya juu ya F1 mpaka F12, laptopu nyingi zinaifanya ya kupandisha sauti na mwanga, uliza namna ya kuirudisha iwe F za kawaida, kwa kawaida ni Fn pamoja na Esc. Na hizi mpya za kuanzia 2024 nyingi zimeweka kitufe cha Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, palipokuwa na Ctrl ya kulia au kile cha menyu, menyu utaipata kwa Shift na F10.

Namba za pembeni kulia je? Kwa mimi wa mahesabu ni lazima, tena ukizima Num Lock zile namba ndio NVDA inazitumia kupitia maandishi ya skrini mstari kwa mstari, neno kwa neno. Laptopu nyingi za inchi 15.6 zinazo, za inchi 14 karibu zote hazina. Mdogo wangu anasafiri Makambako Iringa kila wiki na kazi yake ni kusoma nyaraka, nikamwambia achukue ya inchi 14 nyepesi, asibebe uzito wa kioo ambacho hakitazami.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo maana watu wengi wanaparuka. Kuna laptopu ambazo sauti "inasinzia" ikikaa kimya sekunde chache ili kutunza betri, na ikiamka inakula silabi ya kwanza. Kwa Kizungu labda si janga. Kwa Kiswahili ukanushaji wetu uko mwanzoni mwa neno! Mwanachama kaandika "hatutalipa" wewe unasikia "tutalipa". "Hawatakuja" inakuwa "watakuja". Nilishaandaa ripoti ya marejesho kwa sentensi ya namna hiyo, nikaja kuirekebisha usiku kucha. Ukiwa dukani kaa kimya sekunde kumi, alafu bonyeza mshale uende kwenye neno linaloanza na ha, usikilize. NVDA za kuanzia 2024 zina seting ya kuzuia sauti isisinzie, lakini ni vizuri ujue unanunua nini. Pia hakikisha kuna tundu la hedifoni la kawaida, maana za Bluetooth nyingi zinachelewa kidogo kila unapobonyeza, na kwa mtu anayeandika haraka ule ucheleweshaji unachosha akili kweli.

Vya ndani nitasema kwa ufupi. Ramu 8GB ndio mwanzo, 16 ukiweza. Diski iwe SSD, hapa usikubali kubembelezwa, kwenye zile diski za zamani kisoma skrini kinakwama, unabonyeza kitufe hakuna jibu, hujui imeganda au wewe umekosea. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa iyo kama ni mtumba chukua inayokubali Windows 11, kwa prosesa za Intel maana yake kizazi cha 8 kwenda juu. ThinkPad T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5 ziko za kizazi hicho, ila baadhi zilitoka na cha 7 pia, kwa iyo hakikisha prosesa yenyewe usiamini jina la mashine. Kioo cha kugusa, grafiksi kali, hizo hela zihamishie kwenye ramu.

Angalia na mitego hii miwili. Kuna Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, za bei chee zimejaa sokoni, ni nzuri kwa mwanafunzi na zina kisoma skrini chao, ChromeVox, lakini NVDA na JAWS haziingii humo. Na kuna mpya za bei ndogo zinakuja na Windows ya S mode, hiyo inakubali programu za duka la Microsoft tu, kuitoa ni bure ila ukishaitoa hairudi. MacBook ya Apple ina kisoma skrini chake, VoiceOver, ndani tayari na chaji inakaa sana, ila kama ofisi nzima iko Windows na fundi wa karibu yako hazijui, mimi nisingekushauri uanzie huko.

Siku ya kwenda dukani beba flashi yenye NVDA ya kubebeka, ni ya bure, haihitaji kusakinishwa. Ukikabidhiwa mashine bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, itaongea, uitumie kufungua flashi mwenyewe uwashe NVDA. Ina sauti ya Kiswahili, ya kiroboti lakini inaeleweka. Fungua Word, fungua kurasa nne tano za intaneti, usikie kama inakwama. Muuzaji akimgeukia mwenzako mwambie kwa upole, kaka, mteja ni mimi, niambie mimi. Omba nusu saa, chomoa chaja, ujue betri inashuka kiasi gani, hasa kama unakaa Makete au Njombe ambako Juni na Julai baridi inapunguza nguvu ya betri na vidole vyenyewe vinakufa ganzi.

Ukishanunua shusha mwanga wa kioo mpaka mwisho, betri itakushukuru. NVDA ina pazia la skrini pia, Insert na Ctrl na Esc, kioo kinakuwa cheusi, abiria wa pembeni kwenye basi hasomi siri za wateja wako. Ila pazia halizimi taa ya kioo, kwa iyo fanya yote mawili.

Mdogo wangu anaenda Miyomboni Jumamosi na flashi yake. Nimemwambia kwenye risiti waandike na siku za kurudisha, na asiondoke hapo kabla mtu hajamsomea hiyo risiti, simu ikiwa wazi nami dada yake nikisikia.