Kukadiria matokeo ya urais kwa maoni ya wapiga kura: mwongozo kutoka Mwanza

Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alinijibu maswali yote bila kusita. Mgombea anamjua, ahadi zake anazihesabu kwa vidole, na kura atampa. Nikafika swali la mwisho: kichinjio chako, yaani kadi ya mpiga kura, ni cha wapi? "Nilijiandikisha kisiwani Ukara, mwanangu. Nauli ya kwenda kupiga kura tu na kurudi, nitaitoa wapi?" Tangu siku hiyo nahesabu maoni kwanza, kisha nahesabu upya ni wangapi kati ya hao watafika kituoni.

Hatua ya 1: jua sheria ya ushindi. Tanzania, rais ni yule aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote, kwa hiyo tunatafuta pengo kati ya wa kwanza na wa pili. Kenya lazima avuke nusu ya kura halali na apate angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Mwaka 2022 Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, na hapo hata nusu pointi ilikuwa na maana. Kumbuka pia kwamba ukikusanya Mwanza peke yake, unakadiria Mwanza, si nchi nzima.

Hatua ya 2: wahojiwa wachaguliwe kwa bahati nasibu, wasijilete wenyewe. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Landon, mpinzani wa Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa takribani asilimia 61. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye uwezo, na waliojibu ni waliotaka kujibu. Watu 400 waliochaguliwa vizuri wangewafaa zaidi.

Kwa hiyo andika mitaa na vijiji vya Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe, uchague kwa bahati nasibu. Ndani ya nyumba nako chagua mtu kwa bahati nasibu, la sivyo utahoji daima yule aliyefungua mlango. Kwenye mialo, yaani fukwe wanakotia nanga wavuvi, angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo wakati wa giza wako ziwani usiku kucha na asubuhi wamelala. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, nawe utawakuta. Ukienda wakati wa giza peke yake, utarudi na maoni ya wachuuzi ukidhani ni ya wavuvi.

Hatua ya 3: uliza faraghani. Mbele ya kijiwe cha bodaboda mtu husema linalopendwa na kijiwe. Mimi huwapa wahojiwa karatasi yenye namba waweke alama wenyewe, waikunje na kuitumbukiza kwenye kisanduku. Dodoso lenye maswali mengine hubeba namba ileile, bila jina.

Hatua ya 4: maoni ya mitandaoni yasomwe na watu. Chukua "huyu mzee ni balaa". Inaweza kuwa sifa, inaweza kuwa laana, na programu inayohesabu maneno mazuri na mabaya itakosea mara nyingi. Wape wasomaji wawili maoni 200 yaleyale, kila mmoja aainishe peke yake: anaunga mkono, anapinga, haieleweki. Wakipishana sana, rekebisheni maelekezo kabla ya kuendelea. Na bado mimi huyatumia maoni haya kujua watu wanalalamikia nini tu. Asilimia sizitoi huko, maana mtu mmoja huandika mara thelathini na bibi wa Kwimba haandiki kabisa.

Hatua ya 5: sawazisha uzito. Tuseme umehoji 400, wanaume 280 na wanawake 120. Mgombea A amepata wanaume 168 na wanawake 54, yaani 222, asilimia 55.5. Lakini hao wanaume ni asilimia 60 ya wenzao, na wanawake 45. Kama wapiga kura ni nusu kwa nusu, jibu ni 52.5. Kwa watu 400 makosa ni kama pointi 5 juu au chini, hivyo A yuko kati ya 47.5 na 57.5. Usimtangaze mshindi hapo.

Hatua ya 6, ambayo naisisitiza kuliko zote: chuja watakaopiga kura kweli. Tanzania, mwaka 2010 waliojitokeza hawakufika hata nusu ya walioandikishwa. Mwaka 2015 walikuwa kama asilimia 67. Uliza: umejiandikisha kituo gani, siku ya kura utakuwa wapi, uchaguzi uliopita ulipiga? Kisha piga hesabu mara mbili, ya wote na ya waliopita chujio, na uonyeshe zote.

Hatua ya 7: jipime kwa pengo. Mwaka 2015 utafiti wa simu wa shirika la Twaweza ulimpa Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Matokeo rasmi yakawa 58.46 na 39.97. Mshindi alitajwa sawasawa, lakini pengo la pointi 40 lilitoka 18 na ushee. Tume ikitangaza, chukua daftari lako, weka namba zako kando ya zao jimbo kwa jimbo, na uanzie pale ulipokosea zaidi. Mimi huanzia visiwa vya Ukerewe.