Kuagiza meza ya chakula ya mbao halisi kwa fundi, hatua kwa hatua

Meza ya mbao halisi huharibika kwa sababu mbili kubwa. Ama mbao ziliingia karakana zikiwa bado na maji, ama uso wa meza ulibanwa kwenye fremu mpaka ukakosa nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Vanishi hufunika makosa yote mawili vizuri sana, kwa hiyo ukaguzi wa maana ni ule unaofanywa meza ikiwa bado haijapakwa kitu.

Hatua ya 1: Pima chumba, kisha mlango

Mlaji mmoja anahitaji sm 60 za ukingo. Upana usipungue sm 90, na kama hotipoti, sinia na jagi vitakaa katikati, chukua sm 100. Watu sita, wawili kila upande na mmoja kila kichwa, watatoshea kwenye urefu wa sm 160. Wanane wanahitaji sm 220 hadi 240. Chora umbo hilo sakafuni kwa chaki, uweke viti, ukae. Kutoka ukingo hadi ukutani ziachwe sm 90, au 75 kama hakuna anayepita nyuma ya viti.

Kimo cha kawaida ni sm 75 au 76, kwa viti vya sm 45. Kipimo kinachosahaulika zaidi ni cha chini ya fremu, yaani zile mbao zinazounganisha miguu. Kutoka sakafuni hadi hapo zisipungue sm 62, la sivyo mapaja yatagonga.

Halafu pima mlango na ngazi. Uso wa mninga wa sm 200 kwa 100, wenye unene wa sm 4, una uzito wa takriban kilo 50 peke yake. Agiza miguu inayofungwa kwa bolti na nati.

Hatua ya 2: Chagua mbao

Mninga ndiyo mbao tunayoipendekeza kwanza: hutulia baada ya kukauka, hurandika vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi haihitaji kuongezwa chochote. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi. Una rangi ya njano ndani ya vitundu vyake inayoweza kuchafua kitambaa kikilowa, kwa hiyo upakwe vizuri pande zote. Mvule unafaa pia, ingawa mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani yanayoharibu meno ya msumeno.

Mtiki wa mashamba ya Longuza, Mtibwa au Kilombero ni mzuri ukiwa umekomaa. Miti michanga huwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje, na hiyo usiikubali kwenye uso wa meza. Mtiki una mafuta, hivyo kingo zifutwe kwa thina muda mfupi kabla ya gundi, vinginevyo maungio huachia. Paini ni nafuu lakini laini. Hata kijiko kikidondoka huacha alama.

Kuhakikisha hujauziwa mbao nyeupe iliyopakwa rangi, tazama kichwa cha ubao, palipokatwa. Michirizi ya juu iendelee mpaka hapo. Kisha mwombe fundi apitishe randa mara moja: rangi ikitoweka, si mninga. Vitundu vidogo vinavyotoa unga laini ni bungua, nao hupenda sehemu nyeupe. Dai pia risiti ya mbao. Mninga na mkongo ni miti ya asili inayokatwa kwa kibali, na muuzaji halali anazo karatasi za TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Hatua ya 3: Pima ukavu

Hapa usikubali neno "imekauka" bila kipimo. Mbao hufuata unyevu wa hewa ya mahali: Dar es Salaam hutulia kwenye asilimia 14 au 15 hivi, Dodoma wakati wa kiangazi karibu 10. Uso wa mtiki wenye upana wa sm 100, mbao zake zikiwa zimepasuliwa bapa (pete za mti zikilala sambamba na uso), ukishuka kutoka asilimia 14 hadi 10 hupungua karibu mm 7. Urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Upana ndio unaocheza. Kwa hiyo mweleze fundi meza itakaa mji gani.

Kama hana kipimo cha unyevu, tumia mizani ya jikoni na ovena. Kata kipande chembamba angalau sm 30 kutoka kichwani mwa ubao, kwa sababu vichwa hukauka mapema na vitakudanganya. Kipime papo hapo. Kikaushe kwenye nyuzi joto 103 hivi, ukikipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 230 zikishuka hadi 200, unyevu ni asilimia 15. Ikizidi 18, mbao zirudi kivulini, zikipangwa kwa vibanzi katikati ili hewa ipite.

Hatua ya 4: Hesabu mbao

Mbao za inchi 2 kwa 6 zikirandwa na kunyooshwa kingo hubaki na upana wa sm 14 hivi na unene wa sm 4 na kidogo. Vipande saba vinatoa sm 98. Kwa meza ya sm 200, nunua mbao nne za futi 14: kila moja inatoa vipande viwili, na cha nane ni akiba. Miguu itoke kwenye inchi 3 kwa 3, fremu kwenye 2 kwa 4. Kama inawezekana, nenda na fundi sokoni mchague pamoja badala ya kumpa fedha za mbao mkononi.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya vanishi

Andikeni mapema kwamba awamu ya mwisho ya malipo itafuata ukaguzi huu.

Anza chini ya meza. Fremu iingie kwenye mguu kwa ulimi wa angalau sm 3 uliotoshea tundu lake. Misumari peke yake haitoshi. Uso ushikwe na fremu kwa parafujo: katikati ya upana tundu la duara, kuelekea kingo matundu marefu ya mm 15 kwa parafujo ya mm 5, yakilala kufuata upana. Ukiona gundi kati ya uso na fremu, au ubao uliopigiliwa misumari kukatiza vichwa vya mbao, kataa. Mbao zikisinyaa zitapasuka, kwa kuwa hazina pa kwenda.

Sasa juu. Mstari kati ya mbao mbili uwe mwembamba kama uzi. Ukiwa umejazwa unga wa mbao na gundi, kingo hazikunyooshwa. Vuta uzi kona hadi kona. Ukiacha nafasi ya zaidi ya mm 2, uso umepinda.

Hatua ya 6: Msasa na vanishi

Msasa namba 80, 120, kisha 180, kufuata nyuzi. Klia ya kawaida (vanishi isiyo na rangi) hukauka haraka lakini huacha duara jeupe chini ya sufuria ya moto. Kwa meza ya chakula omba vanishi ya polyurethane yenye hadina (kigumishi kinachochanganywa nayo), mikono mitatu, yaani tabaka tatu. Chini ya uso pakwe mikono sawa na juu. Upande ulioachwa mtupu hunywa unyevu peke yake na meza hujikunja kama sahani.

Usiweke vyombo vya moto wiki ya kwanza. Baada ya miezi miwili kaza bolti za miguu, na ukiona nafasi ndogo kati ya uso na fremu ikifunguka na kufunga kwa majira, usiizibe kwa puti.