Punguzeni vitu kabla ya mahindi kuingia

Nyumba ya Nyanda za Juu Kusini ina msimu wake wa kupunguzwa vitu: mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni. Mvua zimekatika, mchana jua linawaka hata kama asubuhi baridi inang'ata, watoto wanakaribia likizo, na mahindi bado yako shambani. Mkichelewa hadi Julai, magunia yanaingia stoo na kilichokuwa stoo kinahamia uvunguni mwa vitanda. Kikishafika uvunguni, kitakaa huko mpaka mvua za Novemba.

Tengeni Jumamosi nne, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kila moja na eneo lake: stoo, jikoni, nguo na matandiko, kisha karatasi. Saa 6 ikifika, acheni. Mtu aliyechoka haamui tena, anarudisha tu kila kitu alikokitoa. Picha, vitenge vya harusi na vitu vya marehemu viwe vya mwisho kabisa. Ukianza na albamu, saa 6 itawakuta mmekaa mkekani mnabishana nani ni nani. Tena vya marehemu si vya kuamuliwa na nyumba moja. Visubiri kikao cha ukoo.

Vifaa ni vichache: turubai la kutandika nje, viroba 4 imara, kamba, kalamu ya wino mzito, daftari, na ndoo 2 za maji, moja ikiwa na sabuni.

Kabla hamjagusa kitu, kubalianeni kwamba kila mtu anaamua vyake. Mama hatupi misumari na vipande vya bomba vya baba, baba hagusi makopo ya mama, na mtoto wa miaka 6 ana uwezo kabisa wa kuchagua vya kwake. Mpe ndoo moja ya lita 20: midoli inayoenea humo inabaki, isiyoenea anaamua yeye itoke ipi. Kama bibi anaishi nanyi, mpelekeeni kiti nje, yeye aseme, ninyi mbebe. Na namna ya kuuliza ina maana. "Hiki tukiweke wapi?" hujibiwa vizuri. "Hiki cha nini?" huleta ugomvi ambao hamtaumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Stoo

Toeni vyote nje, hata vile mnavyojua vitarudi. Ukitoa nusu, ile nusu iliyobaki itakuficha panya na ukuta wenye unyevu. Gaweni mafungu manne juu ya turubai: kinachobaki, cha kutengenezwa, kinachotoka, na ambacho hakijaamuliwa.

Fungu la cha kutengenezwa ndilo linalodanganya watu. Kila kitu humo kiandikiwe fundi na tarehe, isizidi siku 14. Zikipita, kinahamia kwenye kinachotoka bila kikao kingine. Jembe hupona kwa mpini. Redio iliyokaa miaka mitatu ikingoja spika haitapona. Vyuma, sufuria zilizotoboka na masinia yaliyopasuka wekeni pamoja, wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani na hununua kwa kilo.

Madumu ya maji yahesabiwe, yasikisiwe. Watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, madumu 6 ya lita 20 yanawatosha siku nzima maji yakikatika, na 12 siku mbili. Zaidi ya hapo mnafuga panya. Dumu lililowahi kubeba dizeli au dawa ya shamba halirudi kwenye maji hata likioshwa mara kumi.

Dawa za kilimo zinahitaji utulivu. Stoo nyingi hazikosi chupa ya soda yenye kimiminika ambacho hakuna anayekikumbuka. Hiyo msiinuse, msiimwage kwenye mtaro wala shimo la choo. Fungeni kifuniko, andikeni SUMU, iwekeni juu mbali na watoto, kisha mwulizeni afisa ugani wa kata wapi pa kuipeleka. Dawa iliyo kwenye chupa yake ibaki na lebo yake. Chupa iliyokwisha suuzeni mara 3, maji ya kusuuzia yaende kwenye bomba la kupulizia, yaishie shambani, kisha itoboeni chini ili asitokee mtu wa kuwekea mafuta ya kula.

Sasa magunia. Fukusi na dumuzi, yule mdudu wakulima waliyempa jina la skania, hujificha kwenye mishono ya gunia la mwaka jana. Ligeuzeni ndani nje, likung'uteni mbali na nyumba, lichovyeni kwenye maji yanayochemka, likauke juani. Kama mnatumia mifuko isiyopitisha hewa, pimeni nailoni ya ndani moja moja: kamata mdomo, ingiza hewa, sokota shingo, kisha minya huku sikio liko karibu. Ukisikia kama mtu anapuliza chai ya moto, pana tundu. Nailoni hiyo haitaua mdudu kwa kumnyima hewa, hivyo ibadilishe mapema kabla hujaijaza.

Mnaporudisha vitu, jengeni chaga ya mbao iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, mkiacha nusu mita kati yake na ukuta. Nafasi hiyo si ya urembo. Ndiyo inayopitisha ufagio, na ndiyo inayowaonyesha kinyesi cha panya siku ya kwanza, si baada ya miezi mitatu. Mahindi yakija, tieni kijiko cha chumvi kavu na konzi ya mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikiseni dakika chache, acheni yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka na hayaingii stoo.

Jikoni

Hapa ni haraka. Sahani na vikombe kwa idadi ya watu wa nyumbani mara mbili vinatosha. Vifuniko visivyo na sufuria vitoke. Tatizo ni masufuria makubwa ya shughuli, kwa sababu msiba haupigi hodi na mtaa mzima hujua mwenye sufuria ya kilo 20. Msiyatoe. Zungumzeni na majirani au kikundi chenu, yakae mahali pamoja na daftari la kuazima, kuliko kila nyumba kulalia mawili.

Nguo na matandiko

Utasikia ushauri kwamba nguo usiyoivaa miezi sita itoke. Kwa Dar es Salaam labda. Huku koti zito huvaliwa Juni hadi Agosti, buti za mvua Desemba hadi Aprili, na kule Makete, Njombe, sakitu (umande ulioganda) ikishika nyasi alfajiri utajuta kugawa blanketi. Nguo za msimu zipimwe kwa mwaka mzima: msimu wake umekuja, ukapita, hukuivaa? Itoke. Bado una shaka? Iingie kwenye kiroba cha ambavyo havijaamuliwa, kifungwe, kiandikwe tarehe. Mwaka ukiisha bila mtu kukifungua, kinatoka bila kufunguliwa. Kikifunguliwa tu, mnaanza upya.

Mablanketi: mawili kwa kila mtu, na mawili ya wageni. Mashuka: jozi mbili kwa kila kitanda, na moja ya akiba kwa nyumba nzima.

Sweta lichunguzwe kwenye mwanga. Livute begani, lishike dhidi ya jua, utaona palipolika. Nusa kwapani na kwenye pindo la chini. Harufu ya udongo mbichi ni koga, na likirudi kabatini hivyo litaambukiza mengine. Lifue, lianike, kisha shika pindo na mifuko: kitambaa kikiwa kikavu na pindo bado baridi, halijakauka. Kabati nalo lisigusane na ukuta wa nje, acheni upana wa kiganja. Mabegi yasipangwe mbele ya dirisha wala tundu la hewa, hasa kwa wanaoingiza jiko la mkaa ndani jioni. Hewa ya mkaa katika chumba kilichozibwa inaua watu waliolala, na haina harufu ya kuwaamsha.

Mrundikano wa nguo hapa kwetu una chanzo kinachojulikana: mtumba wa bei nafuu. Ukitoka soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Mashine Tatu, Iringa, na sweta moja, moja lililoko nyumbani litoke siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi.

Na vinavyotoka viende wapi? Kijijini si jalala. Kila sikukuu mabasi hupanda na viroba vya zipu mbovu na viatu vya mguu mmoja, na shangazi anapokea kwa heshima kisha anakosa pa kuvitupa. Peleka kilichofuliwa, chenye vifungo vyote, na piga simu kwanza kuuliza saizi. Kilichochakaa kiwe matambara ya kudekia hapo hapo kwako.

Karatasi na simu

Kila mtu awe na bahasha moja ngumu: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kadi ya kliniki, nakala ya kitambulisho. Bahasha moja ya nyumba ibebe hati, mikataba na risiti za vitu vyenye waranti. Zote ziingie kwenye mfuko wa plastiki mzito, juu ya kabati, zisikae sakafuni wala chini ya bati linalovuja, na kila hati ipigwe picha. Madaftari ya shule bakizeni ya mwaka huu na mwaka jana. Ya zamani yakienda kwa muuza karanga, chaneni kwanza kurasa zenye majina na namba za simu.

Kichwa nacho hujaa kwa njia ileile ya stoo: kila mtu anaingiza, hakuna anayetoa. Jumapili jioni kaeni dakika 20 na daftari moja: nani anakwenda wapi wiki hii, kipi kimeharibika, nani tulimwahidi nini. Hapo hapo amueni kiasi cha michango cha mwezi mzima, kiandikwe. Kikiisha tarehe 12, jibu la kamati ya harusi ni "mwezi ujao, tukijaliwa", na wote nyumbani wanajibu hivyo hivyo.

Makundi ya WhatsApp yapitieni mkiwa pamoja. Kamati ambayo harusi yake ilishafanyika: agana kwa sentensi moja, ujitoe. Ya biashara na vichekesho: zima sauti. Kundi la ukoo la taarifa za misiba liache na sauti. Simu zote zikae kwenye kikapu kimoja sebuleni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 3, cha milulu kutoka Iringa kinafaa kwa sababu hakina kifuniko na kila mtu anaona ya nani haimo. Wakubwa waweke zao kwanza.